Wanawake wa Nakivale wadhaminiwe mtaji

Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja walioko Uganda kwenye msaada wa chakula, wakabaki 663,000 waliohesabiwa kuwa wahitaji zaidi. Huko Kashojwa, katika makazi ya Nakivale wilayani Isingiro, pigo la namna hiyo huanzia jikoni na kuishia sokoni. Familia nyingi zilikuwa zikipewa msaada kwa fedha taslimu, na fedha hizo ndizo zilizonunua samaki wa Ziwa Nakivale, maharage na vitenge kwa wanawake wanaouza rejareja. Utafiti wa WFP na Chuo Kikuu cha California, Davis, wa mwaka 2016 katika makazi ya Rwamwanja na Adjumani ulionyesha kwamba kila kaya ya wakimbizi iliyopewa fedha iliongeza pato la eneo zima kwa zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka. Mteja akikosa senti, muuzaji naye hana cha kuhesabu jioni. Kwa kuwa fedha za wafadhili zimepungua, naona zile zilizobaki kwa ajili ya kuwainua wanawake zifanye kwanza kazi moja: kuwadhamini wapate mtaji, na kuwafungulia njia ya soko la jiji la Mbarara.

Sheria si kikwazo kikubwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 zinamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufungua biashara na kutembea nchini. Tatizo ni rehani. Shamba alilogawiwa ni la kulima tu. Hawezi kuliuza wala kuliweka benki. Ndiyo maana wanawake hutegemea vikundi vya kuweka na kukopa, utaratibu ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991: hisa za kila wiki, sanduku lenye kufuli tatu, na mgao mwisho wa mzunguko. Wakongo nao walikuja na likelemba yao, mchango wa kupokezana. Vikundi hivi vinastahili heshima kubwa, lakini vina ukomo. Wanachama wote hupungukiwa wakati mmoja, msimu wa kupanda au shule zinapofunguliwa, na akiba yao hutosha kununua gunia la maharage, haitoshi kununua mashine ya kusaga.

Hapo ndipo ushirikiano wa kimataifa unapofaa kuingia. Mwaka 2019 Wakfu wa Grameen Crédit Agricole, shirika la maendeleo la Sweden, Sida, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, walianzisha mpango wa kukopesha wakimbizi na wenyeji Uganda kupitia taasisi za fedha za humu nchini. Sida ilibeba sehemu ya hasara endapo mikopo isingelipwa. Mwaka uliofuata taasisi mojawapo, UGAFODE, ilifungua tawi Nakivale kwenyewe. Uzuri wa dhamana ni kwamba hulipwa pale tu mkopo unapoharibika. Mkopo ukirejeshwa, dhamana ileile humfaa mwanamke mwingine. Lakini fedha ya semina za mafunzo ikishatumika haizunguki tena.

Wapo wanaosema kumkopesha maskini ni kumfunga deni shingoni. Hoja hii ina uzito, na jibu lake ni kutenganisha mambo mawili: mwenye njaa apewe chakula, na mkopo apewe mwenye biashara inayozunguka. Wengine huhofia kwamba mkimbizi atahama na deni lake. Lakini Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengi hukaa miaka mingi. Wapo pia wanaouliza kwa nini mwenyeji aachwe. Haachwi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka 2014 ulikuta asilimia 21 ya wakimbizi wa Kampala wana biashara inayoajiri angalau mtu mmoja, na asilimia 40 ya waajiriwa hao ni raia wa Uganda.

Hata hivyo, mtaji bila soko hautoshi. Zanzibar, kwa mfano, ilianza kilimo cha mwani cha kibiashara mwaka 1989, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Lakini kwa miaka mingi mwani uliuzwa mkavu kwa wanunuzi wa nje, waliopanga bei. Thamani ilianza kubaki visiwani pale wanawake walipofundishwa kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine. Mahindi ya Nakivale nayo yakiuzwa shambani wakati wa mavuno, bei hupangwa na mwenye lori. Ghala la pamoja, mashine ya kusaga na mkataba na wanunuzi wa Mbarara vingebadili mizani hiyo. Mwaka 2016 wafadhili wakubwa waliahidi kwamba robo ya fedha za misaada ya kibinadamu itafika kwa taasisi za wenyeji. Huko Isingiro ahadi hiyo ipimwe kwa idadi ya wanawake waliorejesha mkopo wa kwanza na kupewa mkubwa zaidi.