Ruzuku Ifike Kwenye Paa la Maskini

Omurushaka, jirani na Kayanga yaliko makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, ni njia panda ya watu wanaokwenda Kyerwa na wanaorudi. Mwenye haraka akipita hapo huona mabati mapya yaking'aa, matofali yaliyopangwa kando ya migomba, na kuta zilizofika usawa wa madirisha zikingoja msimu wa kahawa. Atakwenda zake akisema kwamba watu wa huko wanajenga. Hatubishi. Wanajenga, tena kwa jasho lao wenyewe. Lakini leo twataka kusema habari za wale ambao mpita njia hawaoni.

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani asiye na makao hujulikana upesi, maana hulala mbele ya maduka na polisi humwamsha asubuhi. Huku Karagwe na Kyerwa mtu wa namna hiyo husitiriwa na ukarimu wa jamaa. Ni mjane alalaye jikoni kwa shemeji yake. Ni bibi aleaye wajukuu katika kibanda ambacho, mvua za masika zikianza, humlazimu kuhamisha kitanda usiku kucha. Na mabibi wa namna hiyo si wachache katika mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Ni kijana kibarua apangaye chumba kimoja na wenzake watatu karibu na stendi. Hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa katika daftari lolote kwamba hana nyumba, na kwa kuwa hakuandikwa, hakuna kifungu cha fedha kinachomhusu.

Siku moja tu siri hiyo ilifichuka, nayo ni Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016. Alasiri ya siku hiyo ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9 katika vipimo vya wataalamu, kitovu chake kikiwa kaskazini-magharibi ya Bukoba kuelekea mpaka wa Uganda. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha na mamia waliumia. Taarifa za kwanza za serikali zilitaja nyumba 840 zilizoanguka; hesabu iliendelea kupanda siku kwa siku mpaka ikawa maelfu, pamoja na zile zilizopasuka kiasi cha kutokalika. Karagwe na Kyerwa nazo zilikuwa katika orodha ya wilaya zilizopata hasara. Familia zililala nje chini ya maturubai, na kwa muda wa majuma machache taifa zima lilizungumza juu ya nyumba ya mtu maskini kana kwamba ni jambo la umma.

Michango ilitoka kila upande: kwa wafanyakazi, makampuni, mabalozi na nchi rafiki. Ndipo likazuka swali ambalo mpaka leo halijajibiwa vema. Fedha hii ni ya nani? Mwanzoni mwa Januari 2017 Rais wa wakati ule, hayati John Magufuli, alifika Bukoba na kueleza waziwazi kwamba serikali haitamjengea nyumba kila aliyeathirika. Kazi yake ni kurejesha taasisi za umma, yaani shule, zahanati, barabara na kadhalika. Na kweli taasisi zilirejeshwa. Shule ya Sekondari ya Ihungo, kwa mfano, ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza, na aionaye leo hawezi kusema kwamba fedha ile ilitupwa.

Hoja ya Rais haikuwa ya kipuuzi, wala hatupendi wale wanaoitaja kwa kejeli tu. Serikali ikianza kujenga nyumba za watu mmoja mmoja, itakomea wapi? Nani aliyeanguka nyumba kwa tetemeko, na nani ambaye yake ilikuwa imekwisha kuanguka zamani? Maswali hayo ni ya haki. Lakini sisi twaona kwamba jibu lake si kumwacha mtu mikono mitupu. Jibu lake ni kuweka utaratibu. Shule ina msemaji: ina mkuu wake, ina wizara, ina wanafunzi wa zamani walio wakubwa serikalini. Kibanda cha mjane hakina msemaji. Hukumu ya kwamba shule ni ya umma na kibanda ni cha binafsi ni nyepesi kuitoa, ila mtoto asomaye katika shule ile ya umma hulala katika kibanda kile cha binafsi, na akikohoa usiku kucha kwa unyevu, mwalimu ndiye amwonaye akisinzia darasani.

Liko pia jambo la uaminifu, nasi hatutalipita kimya kimya. Kabla ya mwezi ule wa Septemba 2016 kwisha, Rais alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma kwamba imefunguliwa akaunti yenye jina linalofanana na ile iliyotangazwa kwa michango. Sisi si mahakama, na tuhuma si hukumu. Tunalotaka kulisema ni kwamba fedha inayokusanywa kwa haraka, katika kilio, bila mfuko ulio na sheria yake tangu zamani, huzaa shaka hata mahali pasipo na mwizi.

Nchi yetu si ngeni katika mambo ya mifuko ya nyumba. Mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Ikafuata Benki ya Nyumba katika miaka ya mwanzo ya sabini, na mwaka 1974 Mfuko wa Nyumba wa Wafanyakazi na Wakulima, ambao waajiri walitozwa asilimia 2 ya mishahara waliyolipa ili kuujaza. Wazo lilikuwa zuri, na jina lake lilikuwa zuri zaidi. Lakini mkopo wa benki ulidai hati na mshahara, na mkulima wa Bugene au Nkwenda alikuwa na shamba la ukoo na debe la maharage. Kwa hiyo ule upande wa “wakulima” ulibaki zaidi katika jina. Benki yenyewe ilifungwa mwaka 1995. (Wenzetu wa Kenya wamerudia njia ya tozo ya mshahara kwa sheria ya mwaka 2024, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na nyingine kama hiyo kwa mwajiri. Twawatazama kwa makini, kwa sababu majumba mengi ya mpango huo ni maghorofa ya mijini.)

Siku hizi zimo njia nyingine mbili ambazo mwanakijiji wa Karagwe anazijua. Ya kwanza ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria ya mwaka 2018 iliyafanya kuwa wajibu: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024 kwa masharti mapya. Ni mikopo ya vikundi kwa ajili ya biashara na uzalishaji. Bibi wa miaka 75 hawezi kukopa pikipiki ili apate paa. Ya pili ni TASAF, iliyoanza mwaka 2000, na ambayo tangu 2012 ilileta mpango wa kunusuru kaya maskini kwa ruzuku zilizolipwa kwa vipindi. Fedha ile ilikuwa ndogo na haikukusudiwa kwa ujenzi. Hata hivyo ziko kaya ambazo, kwa kujinyima, ziliitumia kununua bati mojamoja mpaka zikaezeka. Watu waliotoa bati katika fedha ya unga wameonyesha wenyewe ni kitu gani wanakihitaji.

Asiyepata hata hiyo hurudi kwenye butura. Wasomaji wetu wa Kagera hawahitaji kuelezwa neno hilo. Kwa walio mbali twasema kwamba ni kuiuza kahawa ingali maua au ingali mbichi mtini, kwa bei ya mnunuzi, kwa sababu shida haingoji mavuno. Paa linaloletwa na butura ni paa la gharama kubwa kupita yote, maana kila bati hulipiwa kwa kahawa ya mwaka mzima ujao, na mwaka unaofuata familia huanza na deni.

Basi utaratibu tunaousema ungekuwaje? Hatuna haja ya kubuni kila kitu, kwa kuwa nchi maskini kama yetu zimekwisha kujaribu. Nepal ilipigwa na tetemeko la 7.8 mwezi Aprili 2015, na watu wapatao 9,000 wakafa. Serikali yake iliamua kutoa ruzuku ya rupia 300,000 kwa kila kaya iliyopoteza nyumba, lakini haikutoa zote pamoja. Kwanza 50,000 kwa msingi. Mkaguzi akiridhika, 150,000 kwa kuta. Kisha 100,000 kwa kumalizia. Asiyejenga kwa namna inayostahimili tetemeko hakupata fungu linalofuata. Hatusemi kwamba mambo yalikwenda sawasawa: fedha ilichelewa, vijiji vya milimani vilimngoja mkaguzi muda mrefu, na wengi walikopa ili wamalize. Lakini mwanakijiji aliijua haki yake kwa tarakimu, na fedha ilipitia mikononi mwake mwenyewe wala si kwa kontrakta.

India nayo, katika mpango wake wa nyumba za vijijini uliotengenezwa upya mwaka 2016, hulipa kwa mafungu kadiri ujenzi unavyopanda, na majina ya wanaostahili hupitishwa katika mkutano wa kijiji. Jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, waliendesha miaka ya 2010 na 2011 kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi. Walifanikiwa kuezeka mabati kwa muda mfupi wa kushangaza, lakini yalisikika malalamiko kwamba baadhi ya familia, hasa za Wabatwa, zilibomolewa kibanda cha zamani kabla ya mpya kuwa tayari. Hilo tulikumbuke. Kiongozi mwenye ari asije akamwacha mtu juani kwa jina la maendeleo.

Karagwe haikosi mkutano wa kijiji. Wanufaika wa TASAF walitambuliwa humo humo, majina yakisomwa mbele ya majirani, na jirani ndiye mkaguzi asiyedanganyika: anajua nani ana mtoto Dar es Salaam aletaye fedha kila mwezi, na nani hana mtu. Upungufu si wa mkutano. Halmashauri haina kifungu kilichotengwa mahususi kwa paa la kaya isiyo na makao, hata kiwe kidogo cha nyumba chache kwa mwaka katika kila kata.

Juu ya namna ya kujenga tuna neno, kwa kuwa ruzuku inayojenga nyumba ya kuanguka ni fedha ya kununua msiba. Fundi yeyote mwenye akili ajua kwamba ukuta mzito wa tofali lililounganishwa kwa tope, bila mkanda wa linta wa kuzifunga kuta nne pamoja, hauvumilii kutikiswa. Nyumba ya fito na udongo hupinda lakini mara nyingi haimwui mtu. Mwaka 1977, akitazama miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba watu wametekwa na saruji na bati, hata wamesahau udongo walio nao. Alisema kweli, ingawa tofali la kuchoma alilolisifu limekwisha kula miti mingi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulikuwa na mashine ya mkono ya kufyatua tofali za kufungamana, udongo mwingi na saruji kidogo, bila moto. Saruji ifikapo Omurushaka imekwisha kusafiri mbali, na kila kilomita imeongeza bei. Mashine chache za namna hiyo, pamoja na vijana waliofundishwa kuzitumia na kufunga linta, zingeifanya ruzuku ndogo iende mbali, na ujuzi ungebaki kijijini fedha ikiisha.

Limebaki jambo la ardhi, nalo ndilo litakalowaumiza wajane tusipokuwa macho. Nyumba mpya juu ya kiwanja cha ukoo yaweza kumvutia shemeji ambaye kibanda cha zamani hakikumvutia. Mahakama Kuu ya Mwanza ilikwisha kuamua mwaka 1990, katika shauri lililotoka mkoani humu humu, kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi haipatani na usawa ulio katika Katiba. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yatoa hati ya haki miliki ya kimila. Basi kabla ya fungu la kwanza kulipwa, hati iandikwe, na jina la mwanamke aishiye humo liwemo.

Mwaka mpya wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo yake huanzia chini, vijijini. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukaa kila miezi mitatu. Katika mkutano ujao, Bugene, Nkwenda na kwingineko, twamwomba mwanachama mmoja asimame amwulize mwenyekiti ni kaya ngapi za kijiji hicho zinazolala jikoni kwa watu, na majina yao yameandikwa wapi. Mtendaji aliandike jibu katika muhtasari, pamoja na tarehe.