Upande wa Pili wa Santuri za Brussels

Itaje Brussels mbele ya mpenzi wa zilipendwa, awe wa Dar es Salaam au Mombasa, na wimbo utakaomjia kwanza ni Indépendance Cha Cha. Ana haki. Januari 1960 viongozi wa Kongo walikutana na Wabelgiji jijini humo katika mkutano wa Meza ya Duara. Joseph Kabasele, Grand Kallé, naye alikuwepo na bendi yake ya African Jazz, pamoja na mpiga gitaa Nico Kasanda, Docteur Nico, na mwimbaji Vicky Longomba aliyetoka O.K. Jazz. Ilipokubaliwa kwamba uhuru utapatikana tarehe 30 Juni, wimbo ukazaliwa hukohuko Brussels, ukaenea Afrika nzima.

Lakini ziara hiyohiyo ilizaa pia Table Ronde, wimbo uliobeba jina la mkutano wenyewe. Ni wangapi kati yetu wanaoukumbuka? Tunasema tunaupenda muziki wa zamani, kumbe tunapenda nyimbo kumi zilezile, zinazopigwa kila harusi na kila mwisho wa juma. Nyingine zote tumeziacha zife.

Wakati mwingine tumeacha hata nusu ya wimbo tunaodhani tunaujua. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika chache tu kila upande. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 wanamuziki wa Kongo walizoea kuukata wimbo mrefu vipande viwili: upande wa kwanza waimbaji wanamaliza kisa chao, upande wa pili magitaa yanafunguka, sebene inaanza, na kila mpigaji anaonyesha alichonacho. Mtangazaji mwenye haraka akipiga upande wa kwanza tu, msikilizaji amepata hadithi akakosa dansi. Kwangu mimi, upande huo wa pili ndio moyo wa rumba.

Anayezitafuta santuri hizo Brussels huanzia Matonge, eneo la Waafrika karibu na Porte de Namur, lililopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Kisha huteremka hadi Marolles, kwenye uwanja wa Jeu de Balle, ambako soko la vitu vikuukuu hufanyika kila siku. Makasha yamepangwa juu ya mawe ya uwanja: Jacques Brel, The Beatles, kwaya za Krismasi. Bahati ikikuangukia, katikati yake utaona jalada la santuri ya Kongo lililochakaa pembeni, jina la mwenyewe limeandikwa kwa kalamu juu yake. Inua santuri kwenye mwanga uitazame mikwaruzo. Mara nyingi upande wa pili ndio mzima zaidi, kwa kuwa haukuchezwa sana.

Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa niaba yetu. Lebo ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa mkusanyiko wa Roots of Rumba Rock mwaka 1991, ikifufua rekodi za lebo ya Loningisa za miaka ya 1950. Planet Ilunga, nayo ya jiji hilohilo, imetoa upya kazi za Surboum African Jazz, lebo aliyoianzisha Kabasele, na za African Fiesta Sukisa ya Docteur Nico. Nawashukuru kwa dhati. Bado inaniuma kwamba hazina hii inaokotwa Ulaya, huku kanda zetu zikiliwa na vumbi.

Ubelgiji ndiko pia walikofia baadhi ya wakubwa wa rumba hiyo. Nico alifariki Brussels mwaka 1985, Franco wa O.K. Jazz akafia Namur tarehe 12 Oktoba 1989, na mwimbaji Tabu Ley Brussels tarehe 30 Novemba 2013. Kila mmoja aliacha nyimbo nyingi mno kukumbukwa kwa mbili tatu.

Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa, naomba jambo moja: wiki hii pigeni upande wa pili, uacheni ufike mwisho, na mtaje majina ya waliopiga.