Kufukuzana na kufikia: msamiati wa mbio za baiskeli za uwanjani

Mfasiri anayekabidhiwa ripoti ya mashindano ya ubingwa wa taifa ya baiskeli za uwanjani, kama yale ya Uingereza ambayo yamefanyika mara nyingi jijini Manchester, huhangaika kwanza na majina. Ugumu mkubwa zaidi umo katika vitenzi: kimoja kikikosewa, msomaji hawezi tena kujua mbio ziliamuliwa vipi.

Uwanja wenyewe, yaani velodromu, una njia ya mbao yenye kona zilizoinuka sana upande wa nje. Njia ya Manchester, iliyofunguliwa mwaka 1994, ina mita 250. Kuizunguka mara moja ni "mzunguko"; neno "raundi" ni afadhali libaki kwa hatua za mashindano. "Mbio za baiskeli" ni usemi uliokubalika, lakini "alikimbia mita 4,000" humpeleka msomaji kwenye riadha. Kitenzi "aliendesha" kinatosha.

Kiswahili huonyesha nguvu zake katika mbio za kufukuzana. Waendeshaji wawili huondoka kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa uwanja, huyu akimfukuza yule na yule akimfukuza huyu. Kauli ya kutendana hubeba hali hiyo yote kwa kiambishi kimoja. Anayeandika "mbio za kufukuza" hupoteza nusu ya maana, kwani msomaji hudhani yupo mfukuzaji mmoja na mwingine anayetoroka tu. Katika fainali, mwendeshaji akifikiwa, mbio zimekwisha. Kanuni huhesabu kwamba amefikiwa pale mhimili wa pedali za mpinzani unapolingana na wa kwake. Basi "alimfikia" ndilo neno la ushindi. "Alimpita" hueleza jambo ambalo halikuhitajika, na pengine halikutokea. Ikiwa hakuna aliyefikiwa, saa huamua. Kwa timu za watu wanne, muda huchukuliwa kwa gurudumu la mbele la mwendeshaji wa tatu, hivyo "wote wanne walimaliza kwa dakika kadhaa" ni tafsiri isiyo salama.

Mbio fupi za kasi zina mtego wa aina nyingine. Licha ya jina lake, washindani huweza kwenda polepole mno, hata kusimama wima juu ya baiskeli, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie akate upepo. Kitenzi "kuviziana" kinafaa hapa kuliko "kusitasita", ambacho kingewafanya waonekane waoga.

Vilevile baiskeli hizi hazina breki, na pedali huzunguka daima pamoja na gurudumu la nyuma. Sentensi "alifunga breki" haiwezekani kabisa. Mwendeshaji hupunguza mwendo kwa kuzuia pedali kwa miguu.

Kwa mbio ambazo mtu wa mwisho hutolewa kila baada ya mizunguko fulani, "mtoano" hupotosha, kwa kuwa wapenzi wa kandanda huwaza wapinzani wawili wawili. "Mbio za kuengua" ni bora. Hapo anayeenguliwa hujulikana kwa gurudumu la nyuma kwenye mstari, ilhali mshindi wa mwisho huamuliwa kwa gurudumu la mbele. Mfasiri asiyataje magurudumu hayo kwa mazoea.

Keirini, iliyoanza Japani mwaka 1948, na madisoni, iliyopewa jina la ukumbi wa Madison Square Garden wa New York, hazihitaji kutafutiwa tafsiri.

Hatimaye, "mshindi wa mashindano ya kitaifa" si lazima awe "bingwa wa taifa". Mashindano ya kitaifa yanaweza kuwa mengi kwa mwaka, bali ubingwa ni cheo. Bingwa wa Uingereza huvaa jezi nyeupe yenye mistari myekundu na ya buluu, tena katika aina ile tu ya mbio aliyoshinda. Kwa hiyo tafsiri iseme "bingwa wa taifa wa mbio za kufukuzana", si "bingwa wa baiskeli".