Je, Wajua? Magoti ya Wazee na Maji ya Meru

Je, wajua kwamba kukakamaa kwa mgongo na magoti ya mzee wa Arusha huenda hakutokani na uzee peke yake? Miamba ya volkano ya Mlima Meru huachia madini ya floraidi kwenye chemchemi na visima vingi. Meno ya kahawia yanayotokana nayo kila mtu anayajua. Mifupa nayo huathirika, ila taratibu, baada ya miaka mingi ya kunywa maji hayohayo.

Kuchemsha hakuondoi floraidi: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki palepale. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza floraidi nyingine.

Ajabu ni kwamba mfupa huokoa mfupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanyia kazi vichujio vya kupunguza floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa kama ile inayorundikana kwenye vibanda vya nyama choma vya Kwa Mrombo, Arusha.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwenye mzee nyumbani amkingie maji ya mvua, ambayo hayajapita kwenye miamba hiyo, ayachemshe kuua vijidudu, na magadi ayaache. Maumivu yakizidi, ampeleke hospitali.