Kupima Figo kwa Mwangwi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kabla sijaanza, mwalimu wa darasa aandike maneno haya ubaoni: figo, kibofu, mrija, mwangwi, altrasaundi. Yasomeni pamoja mara mbili. Vema. Sasa sikilizeni.

Ninyi mnaokaa Mwese mnaijua milima. Mtu akisimama upande mmoja wa bonde akaita kwa nguvu, sauti yake huenda, hugonga upande wa pili, kisha humrudia. Huo ndio mwangwi. Mlima ulio karibu huurudisha upesi. Ulio mbali huuchelewesha. Altrasaundi hufanya kazi namna hiyo. Mashine hupeleka mwilini sauti nyembamba mno, ambayo sikio la mtu haliisikii. Sauti ikigonga figo au jiwe, hurudi. Mashine hupima muda wa kurudi, kisha huchora picha kwenye kioo.

Asili ya kipimo hiki ni kiwandani. Mafundi walitumia sauti kutafuta nyufa zilizofichika ndani ya chuma. Mwaka 1955 daktari wa Glasgow, Uskoti, jina lake Ian Donald, alijaribu mashine yao juu ya uvimbe uliotolewa miilini mwa wagonjwa. Mwaka 1958 yeye na wenzake waliwatangazia madaktari wengine kazi yao.

Sasa tuzitazame figo. Kila mtu huzaliwa, kwa kawaida, na figo mbili. Zipo nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, na kila moja ni kadiri ya ngumi. Kazi yao ni kuchuja damu na kutoa mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija miwili mpaka kibofuni. Fikirini mfereji wa shamba: ukizibwa chini, maji hujaa juu. Vivyo hivyo mrija ukizibwa, mkojo hurundikana na figo huvimba. Jiwe likiziba ghafula, maumivu huwa makali. Lakini mrija unaozibwa polepole huweza usiume hata kidogo, na figo ikaharibika kimya kimya. Hapo ndipo altrasaundi inapofaa sana, kwa maana huonyesha uvimbe ambao mgonjwa mwenyewe hausikii.

Ugonjwa mmoja uzibao mirija hivyo ni kichocho cha mkojo. Mayai ya mdudu wake hukwama katika ukuta wa kibofu na mirija, yakaacha makovu. Watoto wa shule wamewahi kupimwa kwa altrasaundi kabla ya kupewa dawa ya prazikwanteli, wakapimwa tena baadaye. Madhara mengi ya kibofu yalionekana kupungua. Basi atibiwaye mapema hupata nafuu. Mahali pengine watu husema kijana akikojoa damu ni dalili ya kukua. Si kweli. Ni ugonjwa.

Siku ya kupimwa, mtakunywa maji na kukaa bila kukojoa, ili kibofu kijae kionekane vizuri. Mtalala kitandani, mtapakwa mafuta mazito ya baridi, na mpimaji atapitisha kifaa tumboni na ubavuni. Hakuna sindano wala kisu, wala mionzi kama ya eksirei. Kwa wanaume wazee, tezi dume nayo hutazamwa, na mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa.

Je, mtu akianguka kutoka mtini, au akigongwa na pikipiki? Altrasaundi huweza kuonyesha damu iliyovuja kuzunguka figo au ndani ya tumbo. Lakini mpasuko mdogo huweza kufichika. Kwa hiyo aliyeumia ubavu akakojoa damu, au tumbo likavimba, au akatoka jasho la baridi, apelekwe hospitali mara moja, na akae chini ya macho ya waganga hata kama picha ni safi.

Kumbukeni pia, altrasaundi haioni mayai ya kichocho. Hayo hutafutwa katika mkojo kwa darubini. Wala haisemi figo inafanya kazi kiasi gani. Hilo huulizwa kwa kupima damu. Na haiponyi. Ni jicho tu, dawa hufuata.

Najua kutoka Mwese mpaka Mpanda ni safari ya gharama, na shamba linangoja. Hata hivyo, mkiona damu katika mkojo, msiseme, "Imekoma, nimepona." Damu huweza kukoma na ugonjwa ukabaki. Anzeni kwa mganga wa zahanati. Yeye atawaambia kama safari inahitajika.

Maswali

1. Mwangwi ni nini?
2. Kwa nini mtu hunywa maji kabla ya kupimwa?
3. Mambo gani mawili altrasaundi haiwezi kutuambia?
4. Jirani yako amekojoa damu jana, leo hana. Utamwambia nini? Andika sentensi mbili.

Kwaherini.