Je, Wajua? Milimita za Maji na Milimita za Kutu

Je, wajua kwamba bomba la chuma la inchi 6, likibeba maji yenye presha ya bar 10, halihitaji hata milimita moja ya ukuta ili lisipasuke? Hesabu yake ni fupi. Zidisha presha kwa kipenyo cha nje, ambacho ni milimita 168.3, kisha gawanya kwa mara mbili ya mzigo ambao chuma hicho kinaruhusiwa kubeba. Kwa chuma cha kawaida cha mabomba utapata takriban milimita 0.6, unene wa ukucha tu.

Lakini bomba hilohilo dukani, lile la daraja la unene ambalo mafundi huliita shedyuli 40, lina ukuta wa milimita 7.11. Sehemu ya ziada hiyo ni ya kulifanya bomba libebeke, lisipinde kwa uzito wake na listahimili kugongwa. Sehemu nyingine ni chakula cha kutu. Mhandisi huitenga kwa makusudi, mara nyingi milimita 3 kwa chuma cha kawaida, akijua kabisa kwamba italiwa. Kutu ikila milimita 0.1 kwa mwaka, amenunua miaka 30. Ikila 0.5, amenunua 6. Nami naona hapo ndipo ilipo kazi yenyewe: ukichagua unene umechagua pia mwaka ambao bomba litang'olewa, na ni haki ya wanaolitegemea kuambiwa mwaka huo mapema.

Je, wajua kwamba unene ulioandikwa kwenye bomba si lazima uwe ule uliomo? Kwa mabomba mengi ya chuma, kiwanda kinaruhusiwa kupungukiwa hadi asilimia 12.5. Milimita 7.11 inaweza kuwa 6.2 na hakuna aliyekudanganya. Ndiyo maana anayepiga hesabu vizuri hujumlisha kwanza sehemu ya presha na sehemu ya kutu, halafu hugawanya jibu kwa 0.875.

Je, wajua ni kwa nini maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvichumvi? Mto pekee unaotoka ziwani ni Lukuga, unaopita hapa Kalemie, lakini maji mengi zaidi hayaondoki kwa mto. Hupandishwa na jua, na chumvi zake hubaki nyuma, hasa za magnesiamu. Maji hayo si ya asidi, kwa kuwa pH yake iko karibu na 9, na chuma huliwa polepole zaidi ndani ya maji ya namna hiyo kuliko ndani ya maji machachu. Yakichemshwa ndani ya bomba la boila shida hugeuka: chumvi huganda ukutani, joto hushindwa kupita, na chuma huungua. Kuongeza unene hapo hakusaidii chochote.

Ushahidi wa kuvutia kuliko wote kwamba unene peke yake si jibu tunao ziwani humuhumu. Meli Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kuletwa Kigoma. Mwaka 1915 reli ya Wabelgiji ilifika Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati ule, na vita vikapamba moto ziwani. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe isitekwe. Kabla ya kuiachia, mafundi walipaka mitambo grisi nzito, ili maji na hewa visigusane na chuma. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikaendelea kubeba watu na mizigo hadi karne hii. Unene wa chuma cha mitambo haukubadilika kwa kupakwa grisi. Kilichobadilika ni kasi ya kuliwa, na grisi hiyo ililinda mitambo kwa miaka.

Je, wajua kwamba asidi kali inaweza kukaa ndani ya chuma cha kawaida, ilhali ile iliyochanganywa na maji hukitoboa? Asidi ya sulfuriki ndiyo inayoyeyusha madini ya shaba na kobalti huko Likasi na Kolwezi. Ikiwa na nguvu ya asilimia 93 hadi 98, humenyana na chuma kidogo tu, kisha utando wa salfati huota ukutani na kuuzuia ugomvi. Utando huo ni laini. Asidi ikikimbizwa, hasa kwenye kona, unafagiliwa na kuliwa kunaanza upya. Ukitia maji ndani ya asidi hiyo, hakuna shedyuli itakayokuokoa: hapo hutafutwa bomba lililovikwa mpira, la plastiki, au la chuma cha pua cha aina inayofaa.

Chuma cha pua, pale kinapofaa, huruhusu ukuta mwembamba. Bomba la inchi 6 la shedyuli 10S lina milimita 3.40 tu, kwa sababu halitengewi chakula cha kutu.

Je, wajua kwamba ukiongeza unene, bomba hunenepa kwa ndani? Kipenyo cha nje hakibadiliki. Ukitoka shedyuli 40 kwenda 80 kwenye inchi 6, njia ya maji hupungua karibu asilimia 10, na maji yaleyale hulazimika kwenda mbio zaidi. Na fundi akikata meno ya kukazia kwenye bomba la inchi 2 lenye ukuta wa milimita 3.91, meno hula karibu 1.8. Mwenye kuchagua unene bila kuuliza kama mabomba yatachomelewa au yatakazwa kwa meno huenda amekwisha kupoteza karibu nusu ya ukuta kabla ya tone la kwanza kupita.

Unene uliobaki hupimwa kwa nje, kwa kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti na kusikiliza mwangwi. Fundi mzoefu huanzia mgongo wa kona, kisha pale maji na hewa vinapokutana, kisha chini ya bomba ambapo tope hutuama. Hapimi mahali pamoja tu, kwa kuwa kutu ya vidonda huacha ukuta mzima ukiwa salama na kutoboa tundu moja la upana wa pini.