Ukipunguza Ugali, Ikumbuke Sindano ya Insulini

Ndugu msomaji, je, nyumbani kwako yuko mgonjwa wa kisukari anayechoma sindano ya insulini? Basi soma habari hii pamoja naye. Kama hajui kusoma, msomee.

Zamani tulidhani kisukari ni ugonjwa wa watu wa mjini. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Muhimbili walipima watu wazima katika vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Matokeo yalitolewa mwaka 1989. Katika watu 100, mgonjwa alikuwa 1 hivi. Mwaka 2012 walipimwa watu wa miaka 25 hadi 64 kutoka sehemu zote za nchi. Safari hii wagonjwa walikuwa 9 hivi katika watu 100.

Mimi ni bwana shamba, si mganga. Kazi yangu ni pamba, mtama na choroko. Lakini chakula hutoka shambani, na wakulima huniuliza habari zake. Wengi wameambiwa wapunguze ugali, nao wanapunguza. Ila sindano wanachoma kwa kipimo kile kile cha zamani. Hapo ndipo penye hatari.

INSULINI NA UGALI

Ugali, wali, uji, viazi na muhogo ni vyakula vya wanga. Ukivila, wanga hugeuka sukari, na sukari huingia katika damu. Insulini huitoa sukari hiyo katika damu na kuipeleka mwilini ikatupe nguvu. Mtu mwenye afya hujitengenezea insulini mwenyewe. Mwili wa mgonjwa wetu hauitengenezi, au hauitengenezi ya kutosha. Ndiyo maana anachoma sindano.

Sasa fikiri juu ya dawa ya pamba. Je, dawa ya eka 2 utaimwaga yote katika eka 1? Insulini nayo ilipimwa kufuatana na chakula ulichokuwa ukila. Kama ulikuwa ukila sahani nzima ya ugali, na leo unakula matonge 3 kwa samaki na mlenda, insulini ile itazidi chakula. Sukari ya damu itashuka mno.

Wapo wanaosema ugali wa mtama hauna sukari. Si kweli. Mtama ni wanga. Dona ni wanga. Na michembe yetu, ambayo mimi naipenda sana, ni wanga uliokaushwa. Kilo 1 ya michembe ina wanga mwingi kuliko kilo 1 ya viazi vibichi. Nyama, samaki, dagaa, mayai na mboga za majani vina wanga kidogo sana, au havina kabisa. Kunde, choroko na dengu viko katikati.

SUKARI IKISHUKA

Mgonjwa hutoka jasho. Mikono hutetemeka. Njaa humshika ghafla na moyo humwenda mbio. Baadaye husema ovyo, na majirani husema amelewa au amelogwa. Kisha anaweza kuzimia.

Usingoje. Mpe vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari katika maji, au soda yenye sukari, nusu chupa. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Kama kuna kipimo, namba iliyo chini ya 4 maana yake sukari imeshuka. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali.

Wagonjwa wengi huchoma insulini ile ya rangi ya maziwa, asubuhi na jioni. Hiyo hufanya kazi kwa saa nyingi. Ya jioni huendelea hata ukiwa umelala. Kwa hiyo usiichome halafu ukalala na njaa. Kulima, kupalilia na kuchuma pamba kutwa nzima pia hushusha sukari. Pombe nayo hushusha, hasa ukinywa bila kula.

USIACHE SINDANO

Wengine hufanya kosa la upande wa pili. Husema, “Sili ugali, basi sindano ya nini?” Huacha kabisa. Mwili huhitaji insulini kiasi fulani hata kama hujala. Ukiikosa utaona kiu kali, mkojo mwingi, kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa nguvu. Mtu anaweza kufa katika siku chache. Ukiona dalili hizo, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Basi nenda kliniki kabla ya kupunguza ugali. Ukiwa Dutwa au Nkololo, anza katika zahanati au kituo cha afya, nao watakuelekeza kama inafaa ufike Bariadi mjini. Mwambie mganga wazi, “Nataka kula ugali nusu ya ule wa zamani.” Yeye ndiye atakayepunguza yuniti za sindano, kidogo kidogo, huku akitazama damu yako. Mwambie pia katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno, chakula kinapopungua chenyewe.

Pima ugali kwa bakuli lile lile kila siku. Nunua daftari. Kila siku andika tarehe, yuniti ulizochoma asubuhi na jioni, mabakuli ya ugali uliyokula, kazi uliyofanya, na namba ya kipimo kama unacho. Siku uliyotetemeka au kutoka jasho, iwekee alama ya msalaba. Siku ya kliniki, mpe mganga daftari hilo kabla hajakuuliza lolote.